Daftari, Jedwali na Lango: Kiswahili cha Uchambuzi wa Kujihudumia katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa



1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huandikwa madukani, nayo hutajwa katika semina za ujasiriamali kana kwamba ni ushauri wa mwenye duka peke yake. Tukiitazama kwa jicho la mwanaisimu tunaona ina nomino tatu: mali, daftari na habari. Mali ni kitu chenyewe, daftari ni chombo cha kukikumbukia, na habari ni maarifa yanayopatikana chombo kinaposomwa. Methali haisemi kwamba mali isiyo na daftari huibwa. Inasema hupotea bila habari, yaani hasara kubwa zaidi ni kutojua kilichotokea.

Mada yangu ni kile ninachokiita uchambuzi wa kujihudumia. Nina maana ya utaratibu ambao mtu mwenye swali, awe muuguzi wa zahanati, karani wa chama cha msingi au mtendaji wa kata, huweza kulitafutia jibu mwenyewe. Huchukua data zilizokwisha kukusanywa, huzipanga katika lahajedwali aliyoizoea iliyoongezewa programu jalizi, kisha huliweka jibu katika lango la pamoja la mtandaoni ili wenzake walisome na kulihoji. Hamsubiri mtaalamu wa kompyuta aliye makao makuu amtengenezee ripoti.

Mifumo hii imeandikwa sana na wahandisi na wanauchumi. Sisi wa Kiswahili tumeiachia kama jambo lisilotuhusu. Hoja yangu leo ni kwamba inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kizuizi kikubwa kilichobaki baina ya mwenye swali na jibu lake ni maneno. Nitaijadili hoja hii kwa kurejelea wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera. Nimezichagua kwa sababu tatu. Kwanza, zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na mgawanyo huo ni mtihani mzuri kwa yeyote anayesoma jedwali. Pili, zipo mpakani, Kyerwa ikipakana na Uganda na Rwanda, na Karagwe ikipakana na Rwanda. Tatu, watu wake huishi kwa migomba na kahawa, na kahawa ni zao lisilouzwa bila daftari.

2.0 Karagwe na Historia ya Kuhesabiwa

Karagwe ni nchi iliyopimwa na wageni mapema. Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika katika ufalme wa Rumanika. Speke alivutiwa na unene wa wanawake wa jamaa ya mfalme, akamwomba shemeji mmoja wa Rumanika akubali kupimwa: mkono, kifua, paja, urefu. Vipimo hivyo alivichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1863.

Silitaji tukio hili ili kumshtaki marehemu. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha umbo ambalo takwimu za Karagwe zimekuwa nalo kwa muda mrefu. Aliyepimwa hakuuliza swali. Aliyeuliza hakuwa na wajibu wa kurudisha jibu. Lugha ya vipimo haikuwa lugha ya aliyepimwa, na wasomaji walikuwa London. Baadaye yalikuja madaftari ya kodi ya wakoloni, na baada ya uhuru zikaja sensa za mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa hizi ni zetu wenyewe, zimefanywa kwa Kiswahili nyumba kwa nyumba, na hilo ni badiliko kubwa. Lakini swali la msingi limebaki: takwimu zikishaondoka kijijini, hurudi kwa lugha gani, na hurudi kwa nani?

3.0 Kutoka Vitabu vya MTUHA hadi Lango la Mtandaoni

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa sekta ya afya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao sote tunaujua kwa kifupisho chake, MTUHA. Kifupisho hiki kimekuwa neno kamili. Wahudumu husema wanajaza MTUHA, MTUHA imechelewa, au kitabu cha MTUHA kimejaa. Vitabu vyenyewe vina namba, na namba zimekuwa majina: kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, namba 7 ni cha watoto, na namba 12 ni cha wazazi wanaojifungua. Mwisho wa mwezi mhudumu hujumlisha mistari ya kitabu na kujaza fomu ya taarifa.

Wakati MTUHA ikiendelea kwa kalamu, Afrika Kusini ilikuwa inajenga mfumo wa data za afya za wilaya baada ya ubaguzi wa rangi kuisha mwaka 1994, kwa ushirikiano wa watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo la kwanza lilihifadhi data katika programu ya Microsoft Access na kuzichambua kwa majedwali ya Excel. Wabunifu hao walitaka ofisa wa wilaya aweze kugeuza jedwali mwenyewe. Toleo la pili, DHIS2, lilianza kutumika katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006, nalo linafanya kazi kupitia kivinjari cha intaneti. Nchini Tanzania, Wizara ya Afya ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliusambaza mfumo huo katika wilaya zote, kazi iliyokamilika mwaka 2013. Tangu hapo taarifa ya zahanati, ikishaingizwa, huonekana wilayani, mkoani na wizarani. Mtumiaji huweza kuchora grafu, kuiweka katika dashibodi, na kuandika chini yake tafsiri yake ili wenzake wamjibu.

Upande wa biashara nao ulikuwa na safari yake. Lahajedwali ya kwanza kupata umaarufu, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Kwa miaka mingi laha moja ya Excel haikuweza kuzidi mistari 65,536, na tangu toleo la mwaka 2007 kikomo kikawa 1,048,576. Kisha ilikuja programu jalizi ya Power Pivot kwa Excel ya mwaka 2010, iliyoruhusu kuunganisha majedwali mengi yenye mamilioni ya mistari na kufafanua kipimo mara moja tu, kikatumika kila mahali. Power Query ilifuata kwa ajili ya kusafisha data, na mwaka 2015 ikazinduliwa Power BI, ambayo huweka matokeo hayo katika lango la pamoja. Hapa nyumbani, vyama vya ushirika navyo vina mfumo wa mtandaoni wa kuvisimamia unaoitwa MUVU. Jina hilo, kama MTUHA, limetokana na maneno ya Kiswahili.

Tunaona basi kwamba zana zipo. Tujiulize sasa kuhusu njia ambayo neno husafiri. Mgonjwa huko Karagwe huweza kueleza maumivu yake kwa Kinyambo. Muuguzi huyasikia kwa Kinyambo, huyaandika kwa Kiswahili, na jina la ugonjwa mara nyingi huliandika kwa Kiingereza au kwa kifupisho. Takwimu zikifika ngazi za juu, uchambuzi na ripoti nyingi huwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha tatu, idadi hubaki ileile, lakini maana ya kinachohesabiwa huweza kubadilika bila mtu kutambua.

4.0 Istilahi: Tulichonacho na Tunachokosa

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Dai hilo halina msingi. Mwezi Desemba 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na katika miaka hiyohiyo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili. Hazina ya istilahi iliyozaliwa wakati huo ingalipo. Hata hivyo, hazina kongwe zaidi ni ile iliyomo katika lugha ya kila siku. Niruhusuni nichambue maneno machache.

4.1 Kuchambua

Kitenzi hiki, kabla ya kuingia vyuoni, kilikuwa cha shambani na jikoni. Mtu huchambua pamba kwa kutoa mbegu, huchambua mchele, huchambua mboga, huchambua kahawa kwa kutenga punje nzima na zilizovunjika. Maana ya kitaaluma imejengwa juu ya kitendo hicho cha mikono. Mkulima wa Igurwa aliyeketi na ungo wa kahawa mapajani anajua kwamba kuchambua kuna vigezo, kwamba watu wawili wakitumia vigezo tofauti watapata mafungu tofauti, na kwamba punje mbaya ikiachwa hushusha thamani ya gunia zima. Huo ndio msingi wa usafi wa data. Anayemfundisha mkulima huyo kwa kuanzia na istilahi ya kigeni anamnyima maarifa aliyonayo tayari.

4.2 Jedwali na lahajedwali

Jedwali limetoka katika Kiarabu, ambako neno hilo humaanisha pia kijito au mfereji mdogo. Picha hiyo inafaa sana. Safu za jedwali ni mifereji, na maji hupita pale tu palipochimbwa. Jambo lisilochimbiwa mfereji halitaonekana katika jumla hata kama linatokea kila siku. Lahajedwali, yaani laha yenye jedwali, ni istilahi angavu na iliyokwisha kukubalika.

4.3 Jedwali geuzi

Chombo kikuu cha uchambuzi wa kujihudumia ni lile jedwali linaloruhusu mtumiaji kuhamisha safu wima kuwa mlalo, na mlalo kuwa wima, ili kuiona data ileile kwa upande mwingine. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa jedwali egemeo, kwa kuwa neno la asili linatokana na egemeo la mashine. Lakini mtumiaji haegemei kitu, anageuza. Napendekeza jedwali geuzi. Istilahi hii inataja tendo la mtumiaji, nayo inazaa: geuza jedwali, mgeuzo, ligeuze kwa kata, ligeuze kwa mwezi. Istilahi isiyoweza kuzaa kitenzi katika kinywa cha karani haitaishi.

4.4 Dashibodi

Wapo waliotaka tuseme ubao wa viashiria. Sioni haja. Dereva wa mchomoko anayepanda kutoka Bukoba kwenda Kayanga anajua dashibodi ni nini na ina kazi gani: humwambia mafuta yamebaki kiasi gani bila kusimama na kufungua tangi. Anajua pia kwamba mshale ulioharibika ni hatari kuliko kutokuwa na mshale. Mkopo huu umekwisha kulipwa, tuutumie.

4.5 Asili na asilimia

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Katika hisabati ya shule za msingi, sehemu ina kiasi juu na asili chini. Asilimia ni asili mia: neno lenyewe linabeba namba ya chini. Mtu akisikia asilimia 80, lugha yenyewe inamwalika aulize: asili yake ni nini? Asilimia 80 ya nani? Aidha, neno asili lina maana nyingine ya chimbuko, na swali la chimbuko ndilo swali ambalo mchambuzi anayejihudumia hupaswa kuliuliza kabla ya mengine yote. Tunayo, katika neno moja la darasa la tatu, nusu ya somo ambalo vitabu vya kigeni hulieleza kwa sura nzima.

5.0 Mitego Mitatu

Uhuru wa kujihudumia una gharama. Mtu anayejipakulia chakula huweza pia kujipakulia kisichomfaa. Nitataja mitego mitatu, yote ikiwa ni mitego ya maana.

5.1 Karagwe isiyo Karagwe

Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Wilaya ya Karagwe watu zaidi ya 425,000. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Karagwe watu wapatao 332,000. Mtumiaji mpya wa lahajedwali, akiweka namba hizi mbili katika mstari wenye jina Karagwe, atachora grafu inayoshuka kwa zaidi ya asilimia 21, na huenda akaandika chini yake kwamba watu wamehama. Ukweli ni kinyume. Mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa imekwisha kutengwa, na pekee yake ilihesabiwa watu wapatao 321,000. Karagwe ya zamani, ikiunganishwa, ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Tatizo hapa si la hesabu. Ni la isimu: jina moja, virejelewa viwili. Mkoa wenyewe una tatizo hilo, kwa kuwa Chato iliyokuwa Kagera imekuwa ndani ya Mkoa wa Geita tangu mwaka 2012. Anayehifadhi data za zahanati moja moja huweza kuijenga upya Karagwe yoyote anayoitaka, kwa kuwa zahanati haikuhama. Aliyehifadhi jumla ya wilaya tu hawezi. Kwa hiyo kila jina la mahali katika lango la pamoja linahitaji kile ambacho watunga kamusi huliwekea kila kidahizo: maana yake, na tarehe ambayo maana hiyo ilianza kutumika.

5.2 Asilimia inayopita mia

Tuseme zahanati iliyo karibu na mpaka wa Murongo imekadiriwa kuwa na watoto 200 wa kuchanjwa kwa mwaka, na imechanja watoto 224. Dashibodi itaonyesha asilimia 112. Mkaguzi aliye mbali ataona kosa, pengine udanganyifu. Muuguzi aliyepo anajua kwamba 224 ni watoto halisi aliowachoma sindano kwa mkono wake, na kwamba baadhi yao wametoka kata jirani au ng'ambo ya mpaka. Kiasi ni sahihi. Asili ndiyo yenye mashaka, kwa kuwa asili ni makadirio yaliyotokana na sensa.

Tazameni sasa tofauti inayoletwa na lugha. Ikiwa kiashiria kimeandikwa kwa istilahi ya kigeni isiyo na maelezo, muuguzi ataona kwamba anatuhumiwa, naye atakuwa na kishawishi cha kupunguza idadi mwezi ujao ili grafu ipendeze. Ikiwa chini ya kiashiria pameandikwa kwa Kiswahili kwamba asili ni makadirio ya watoto wa eneo la huduma, muuguzi ataweza kuandika tafsiri yake: asili ni ndogo kuliko hali halisi. Katika hali ya kwanza mfumo unamfundisha kuficha. Katika hali ya pili unajifunza kutoka kwake.

5.3 Safu ya mengineyo

Karibu kila fomu ina safu ya mwisho inayoitwa mengineyo au jina la kufanana na hilo. Ni safu isiyopendeza, na wachambuzi huiondoa ili grafu isomeke vizuri. Lakini mkoa wa Kagera umefundishwa thamani yake kwa gharama ya uhai wa watu. Mwezi Machi 2023, katika Wilaya ya Bukoba, kabla maabara haijathibitisha virusi vya Marburg tarehe 21, habari zilizosambaa zilizungumzia ugonjwa usiofahamika. Watu 9 walihesabiwa kuugua na 6 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kuisha mwezi Juni. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huohuo ulitangazwa wilayani Biharamulo. Kati ya waathirika 10, wawili walithibitishwa kimaabara na wanane waliwekwa katika kundi la wanaodhaniwa, na wote walifariki.

Jambo jipya, kwa ufafanuzi wake, halina safu. Huingia kwanza kwa maneno: homa isiyosikia dawa, kutokwa damu, watu wa nyumba moja. Mfumo unaopokea namba tu hauwezi kulipokea. Ndiyo maana sehemu ya maelezo, iandikwayo kwa lugha ambayo mhudumu anaimudu vizuri kiasi cha kueleza asichokijua jina, ni sehemu ya kinga yetu. Kumtaka mhudumu aeleze jambo geni kwa lugha asiyoimudu ni kumtaka anyamaze.

6.0 Kahawa na Mizani

Tugeukie biashara. Wakulima wa wilaya hizi huuza kahawa kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu, ambacho kwa Karagwe na Kyerwa ni KDCU. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ikusanywe kwa njia ya ushirika. Maneno ya biashara hii yamekomaa: kahawa ya maganda, stakabadhi, mizani, makato, malipo ya awali, malipo ya pili, unyaufu. Lipo pia neno la huzuni, butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya dhiki, ili kupata ada ya shule au fedha ya matibabu.

Chukueni mfano wa kubuni. Mkulima amepeleka kilo 120. Bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, hivyo jumla ni 360,000. Makato ni shilingi 150 kwa kilo, yaani 18,000, naye analipwa 342,000. Hesabu hii inamtosha mkulima mmoja. Lakini mkutano mkuu wa chama una maswali ambayo stakabadhi moja haiwezi kujibu. Makato yamegawanywaje? Kilo zilizopokelewa kwenye mizani ya chama na kilo zilizopokelewa ghalani zinatofautiana kwa kiasi gani, na je, tofauti hiyo inalingana na unyaufu wa kawaida? Kituo kimoja kikionyesha unyaufu mkubwa mwaka hadi mwaka, ni jua, ni mizani, au ni mkono wa mtu?

Maswali haya yote hujibiwa kwa jedwali geuzi lenye safu sita: tarehe, kituo, kilo za mizani, kilo za ghalani, makato, malipo. Karani mwenye elimu ya kidato cha nne huweza kulitengeneza kwa asubuhi moja akifundishwa vizuri. Ligeuze kwa kituo, utaona unyaufu wa kila kituo. Ligeuze kwa mwezi, utaona kama unafuata mvua. Likiwekwa katika lango ambalo wajumbe wa bodi na wanachama wanaweza kulifungua kwa simu, mjadala wa mkutano mkuu utakuwa mwingine kabisa, kwa sababu tuhuma itakuwa imegeuka kuwa swali.

Lakini tazameni neno unyaufu. Limetokana na kunyauka, na kila mwanachama anajua kahawa hunyauka. Programu ikilibadilisha na kuandika tofauti ya uzito, itakuwa imeondoa dhana ya sababu ya kawaida na kuacha tuhuma peke yake. Ikiandika hasara, itakuwa imekwisha kutoa hukumu. Uchaguzi wa kichwa cha safu ni uchaguzi wa namna watu watakavyogombana. Kazi hiyo haifai kuachiwa mwandika programu ambaye hajawahi kuona kahawa ikianikwa. Hali kadhalika butura haina safu katika mfumo wowote rasmi wa mauzo, kwa kuwa kahawa ya butura hufika mizani kwa jina la mnunuzi au la mtu mwingine. Ukosefu wa mfereji, kama tulivyoona, hauzuii mvua kunyesha.

7.0 Haki ya Kuuliza na Wajibu wa Kusitiri

Lango la pamoja huibua suala la sheria. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2018 yaliyowabana wanaochapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, kisha ikarekebishwa tena mwaka 2019 na kulegeza masharti hayo. Katika mjadala ule, maneno kama kupotosha na kubatilisha yalibeba uzito wa kifungo. Ni ushahidi kwamba semantiki si anasa ya darasani.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba si kila kinachohesabika kinafaa kuanikwa. Katika jiji, idadi ya watu watatu wenye ugonjwa fulani haimtaji mtu. Katika kitongoji kimoja cha Kyerwa, idadi ya mtu mmoja ni jina lake kamili. Kiswahili kina neno zuri la wajibu huu, nalo ni sitara. Mtunza lango hana budi kujua lini ajumlishe vijiji viwili ili kumsitiri mtu mmoja, na mafunzo ya jambo hilo yataeleweka haraka yakianza na neno ambalo kila mtu amelelewa nalo.

8.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, nimejaribu kuonyesha kwamba uchambuzi wa kujihudumia ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la kompyuta. Anayejihudumia huuliza, hutaja, hufafanua na hutafsiri. Pale maneno yanapokuwa mageni, hubaki kujaza fomu za watu wengine.

Nina mapendekezo matatu kwa wanataaluma wa Kiswahili. Kwanza, kila lango la umma la takwimu liwe na kamusi ya viashiria kwa Kiswahili, inayotaja kwa kila kiashiria kiasi chake, asili yake, na tarehe ya fasili hiyo. Mfumo kama DHIS2 unaruhusu majina ya viashiria kutafsiriwa. Kinachohitajika ni watu wa kuifanya kazi hiyo kwa makini, kwa kushirikiana na BAKITA na wahudumu wenyewe. Pili, ukusanyaji wa istilahi uanzie ghalani, zahanatini na kwenye mizani. Maneno kama unyaufu, makato na mahudhurio ya marudio yamekwisha kusanifiwa na matumizi. Wajibu wetu ni kuyafafanua. Tatu, wanafunzi wa isimu wafundishwe kusoma jedwali, na wanafunzi wa takwimu wafundishwe kufasili neno. Shahada inayotenganisha mambo hayo mawili inamtoa mhitimu akiwa na mguu mmoja.

Vijana mlio hapa mtaajiriwa, wengi wenu, katika ofisi zenye dashibodi. Mtakutana na mhudumu wa zahanati ya mbali ambaye amehesabu watu kwa uaminifu kwa miaka 20 na hajawahi kuonyeshwa grafu iliyotokana na hesabu yake. Mwonyesheni. Msomeeni asilimia, kisha mwambieni asili yake. Atakalolisema baada ya hapo liandikeni, kwa maneno yake, katika nafasi ya tafsiri. Kuna uwezekano mkubwa kwamba litakuwa jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika mfumo mzima anayelijua.